Acheni Kuulizana "Ina K Ngapi?"

Leo naweka kando mambo ya programu, maana kuna ugonjwa umewaingia vijana wetu wanaotengeneza filamu na siwezi kunyamaza. Mtu akitaja kamera tu, swali la kwanza ni "ina K ngapi?" 4K, 6K, 8K, bei inapanda kama mnada wa ng'ombe! Hakuna anayeuliza mswada umefika wapi. Hakuna anayeuliza sauti itanaswa na nani.

Msimamo wangu ni huu, na niko tayari kubishana na yeyote: kwa mtengenezaji filamu wa kujitegemea, idadi ya pikseli ndiyo namba ya mwisho kuangalia, na kamera haifai kumeza zaidi ya theluthi moja ya pesa za vifaa. Ikizidi hapo, umenunua pambo.

Mtauliza, wewe mtu wa tarakilishi unaingiliaje? Naingilia kwa sababu kamera ya kisasa ni tarakilishi yenye lenzi. Inapokea mwanga, inaugeuza kuwa namba, inazibana namba hizo na kuziandika kwenye kadi. Na namba ndizo zinazonipa unga.

Haya, tufanye hesabu. HD kamili ni pikseli 1920 kwa 1080, yaani kama milioni 2. 4K ya televisheni ni 3840 kwa 2160, kama milioni 8.3. Mara nne, sikatai. Lakini pikseli ina rangi ndani yake, na hapo ndipo wauzaji wanapokohoa na kubadilisha mada. Kamera inayorekodi kwa biti 8 inaipa kila rangi ya msingi ngazi 256. Ya biti 10 inaipa ngazi 1,024. Zidisha nyekundu, kijani na samawati: rangi milioni 16.7 kwa upande mmoja, zaidi ya bilioni 1 kwa upande wa pili. Tofauti hiyo huioni dukani. Utaiona usiku wa manane ukihariri, ukijaribu kuirekebisha anga ya jioni, nayo inakatika mistari mistari. Hapo hakuna programu ya kukuokoa, hata niiandike mimi mwenyewe. Kisichorekodiwa hakipo. Mimi nitachukua HD ya biti 10 iliyorekodiwa vizuri kabla ya 4K ya biti 8 iliyobanwa mpaka ikakosa pumzi.

Sasa njoo kwenye kuhifadhi. Ukiona kamera inaandika megabiti 100 kwa sekunde, gawanya kwa 8: ni megabaiti 12.5 kila sekunde, gigabaiti 45 kila saa. Filamu ya dakika 90, ukirekodi mara kumi ya urefu wake, ni saa 15, yaani gigabaiti 675. Panda hadi megabiti 400 na saa zile zile 15 zinakuwa gigabaiti 2,700. Kisha zidisha kwa mbili, kwa sababu faili lililo mahali pamoja tu ni faili linalosubiri kupotea.

Nilishawahi kuletewa diski iliyoanguka kutoka mezani. Ndani mlikuwa na kazi ya miezi minne ya kundi la vijana, na haikuwa na pacha. Pesa za chama chao zote ziliishia kwenye kamera, ikakosekana ya diski ya pili. Nilijaribu kila mbinu ninayoijua. Tulipata vipande vichache visivyofuatana. Filamu haikutoka mpaka leo, na waigizaji walikuwa wamecheza bure kwa ahadi ya kulipwa ikiuzwa. Kamera yenyewe ilikuwa safi kabisa, haikuwa na hata mkwaruzo!

Halafu sauti. Mtazamaji atavumilia picha yenye chenga, lakini mazungumzo yasiyosikika hatavumilia hata dakika tano. Na sisi tunarekodi wapi? Nairobi, kwenye honi za matatu, spika za mahubiri na mvua juu ya mabati. Mvua ya mabati ikishaingia juu ya sauti ya mwigizaji, imeingia. Kipaza sauti kilichofungwa juu ya kamera, mita tatu kutoka kinywani, kitakuletea mtaa mzima isipokuwa yule unayemtaka. Maikrofoni nzuri na mtu wa kuishika ni bei ndogo mno kuliko hizo K mbili za ziada.

Na umeme je? Umeme wetu ni wa hezi 50. Ukirekodi kwa fremu 30 kwa sekunde na shata ya 1/60, taa nyingi za nyumbani zitapepesa kwenye picha yako. Fremu 25 na shata ya 1/50, umepona. Canon EOS 5D Mark II ilipotoka mwaka 2008 kila mtu aliililia, lakini ilirekodi video kwa fremu 30 pekee, hadi programu yake ya ndani iliporekebishwa mwaka 2010 na kuongezewa 24 na 25. Namba hiyo ndogo ilikuwa muhimu kwetu kuliko pikseli zote. Nani aliiuliza?

Najua mtaniambia, "Lakini Netflix wana orodha ya kamera na wanataka 4K." Ndiyo, wanayo. Orodha hiyo ni ya kazi wanazoziagiza wao wenyewe. Wakikuagiza, watakuja na bajeti, na kwa bajeti hiyo utakodi kamera wanayoitaka. Kununua leo kwa ajili ya simu ambayo haijapigwa ni kujenga zizi kabla ya kupata mbuzi.

Wengine watakimbilia upande wa pili: "Tangerine ya Sean Baker, mwaka 2015, ilirekodiwa kwa iPhone 5s, basi simu inatosha!" Polepole. Simu zile zilivalishwa lenzi za ziada, na sauti ilirekodiwa kwa vifaa vya kitaalamu. The Creator ya mwaka 2023 ilirekodiwa kwa Sony FX3, kamera iliyoingia sokoni mwaka 2021 kwa bei isiyofika dola 4,000, lakini filamu yenyewe ilikula mamilioni ya dola. Mifano yote miwili inasema jambo moja: pesa na akili zilikwenda kwingine.

Anayetaka mfano wa kuchagua kwa busara amtazame Danny Boyle. 28 Days Later, mwaka 2002, sehemu kubwa ilirekodiwa kwa Canon XL1, kamera ya kanda ndogo ambayo hata HD haikufika. Alihitaji mitaa ya London ikiwa mitupu, na magari yangezuiwa alfajiri kwa dakika chache tu. Kamera nyepesi nyingi zilipangwa upesi, kazi ikaisha. Kazi ndiyo iliyochagua kamera.

Basi fanyeni hivi. Kodi kamera mbili kwa siku moja. Mweke mwigizaji wako, mwenye ngozi nyeusi kama yetu, karibu na dirisha saa saba mchana, uone kama uso na nje vyote vinaonekana. Mrudishe usiku chini ya balbu moja. Yafungue mafaili kwenye tarakilishi utakayohariria, siyo ya rafiki yako. DaVinci Resolve ina toleo la bure, hakuna kisingizio. Itakayoshinda hapo, ikodi kwa siku za kurekodi tu. Pesa zinazobaki nunua maikrofoni, taa na diski mbili.

Na ukikutana na anayekwambia huwezi kutengeneza filamu bila 6K, mwombe akuonyeshe filamu yake. Kisha msubiri.