Pwani Haikuumbwa Tupu

Lipo neno moja ambalo wauza safari wa Ulaya wamelipenda kupita kiasi, nalo ni neno "tupu". Kila ifikapo Septemba na Oktoba, vyombo vidogo, aghalabu vyenye abiria wasiozidi 12, hung'oa nanga katika bandari za Oban na Mallaig, magharibi ya Uskoti. Wageni hulala chomboni usiku, na mchana hushushwa kwa mashua wakatembea kwa miguu juu ya majabali na kando ya ghuba zisizofikiwa na barabara. Huahidiwa nini? Pwani tupu, pwani ya mbali, pwani isiyoguswa na mkono wa binadamu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maneno hayo matatu ni uongo, na kwamba sisi watu wa visiwa ndio wa mwisho wanaopasa kuyameza.

Tusiunyime uzuri haki yake. Majira hayo ya majani kupukutika yana haiba isiyokanushika. Kangaga wa milimani hugeuka rangi ya kutu, sili wa kijivu huzaa watoto weupe mawambani, mabata bukini kutoka Greenland hutua Islay kwa maelfu, na ayala dume hunguruma mabondeni wakigombania majike. Atakayesema kwamba hayo hayapendezi, huyo hana macho. Ila jicho linaloishia kwenye uzuri ni jicho lililolala nusu.

Kwani majira hayo hayo yanayosifiwa ndiyo yanayofichua siri. Kangaga wanaponyauka, na jua linapopita chini chini likitupa vivuli virefu, mtembezi huona mistari iliyopangika sambamba juu ya miteremko. Ni matuta. Watu waliyachimba kwa majembe ya mkono, wakabeba mwani mabegani kutoka ufuoni kuurutubisha udongo haba, wakapanda shayiri na viazi. Wenyewe, kwa lugha yao ya Kigaeli, waliyaita *feannagan*. Waingereza wakayapa jina lenye maana ya "vitanda vya wavivu". Angalia, ndugu msomaji, jinsi dhuluma inavyoanza na jina: aliyebeba mwani mgongoni mpaka mlimani huitwa mvivu, na anayeshushwa kwa mashua kuja kulitazama tuta lake huitwa msafiri shupavu.

Watu hao walikwenda wapi? Hawakuyeyuka kama umande. Katika karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, wenye ardhi waliwarundika wapangaji wao ufuoni ili wakate na kuchoma mwani, ambao majivu yake yalihitajiwa viwandani. Vita vya Napoleon vilipokwisha mwaka 1815, bei ya majivu hayo ikaporomoka, na watu waliokuwa mali wakageuka mzigo. Kondoo wakaonekana kuwa na faida kuliko binadamu. Kisha mwaka 1846 ukaja ugonjwa wa viazi, na njaa ikawa kisingizio kipya. Huko Knoydart, mwaka 1853, watu zaidi ya 300 walipakiwa katika merikebu iliyoitwa Sillery wakapelekwa Kanada, na waliokataa kuondoka wakabomolewa nyumba zao. Katika kisiwa cha Raasay, kilichonunuliwa na George Rainy, kijiji baada ya kijiji kilihamishwa, kikiwemo Hallaig. Baadaye, kondoo nao walipopungua faida, mashamba mengi yakafanywa mawindo ya matajiri. Basi hata ngurumo ya ayala, ambayo mgeni huisikia kama sauti ya asili yenyewe, kwa kiasi kikubwa ni mwangwi wa nyumba zilizobomolewa.

Na hilo neno "mbali", je? Mbali na wapi? Kwa mwenye gari, Knoydart ni mbali, kwa sababu hakuna barabara inayoiunganisha na barabara nyingine za nchi. Kwa mwenye chombo, bahari ndiyo ilikuwa njia kuu. Mtakatifu Columba alipovuka kutoka Ailandi mwaka 563 na kujenga monasteri katika kisiwa cha Iona, hakujificha pembezoni mwa dunia, bali alikaa katika njia panda. Mabwana wa Visiwa walitawala kutoka Finlaggan, katika kisiwa cha Islay, mpaka nguvu zao zilipovunjwa mwaka 1493, na enzi yao ilisafiri kwa makasia na matanga. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kufundishwa jambo hili. Anajua kwamba maji huunganisha, na kwamba mahali huwa mbali pale tu mtu mwingine anapohamisha kitovu.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha uzani wa mizani hii. Wakazi 36 wa mwisho wa St Kilda waliondolewa kwa ombi lao wenyewe tarehe 29 Agosti 1930, baada ya maisha kuwashinda. Visiwa hivyo vilipoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1986, viliingizwa kwa ajili ya maumbile na ndege wake. Utamaduni wa watu walioishi pale ulitambuliwa mwaka 2005. Ndege waliwatangulia binadamu kwa miaka 19!

Washairi nao wana sehemu yao katika lawama na katika sifa. Walter Scott aliitembelea pwani hii kwa meli mwaka 1814, akaligeuza ziwa la Coruisk kuwa mandhari ya kutisha na kustaajabisha. Baada yake, wasomaji wengi wakafika kutafuta ukiwa ule ule waliousoma. Lakini Màiri Mhòr nan Òran, mwanamke wa Skye, alizitia nyimbo zake katika harakati za wakulima wadogo zilizozaa sheria ya mwaka 1886 ya kuwalinda dhidi ya kufukuzwa. Na Sorley MacLean, mzaliwa wa Raasay, alichapisha mwaka 1954 shairi la Kigaeli liitwalo "Hallaig", ambamo wasichana wa kijiji kilichohamishwa wanarudi wakiwa miti. Hapo ndipo tofauti ilipo. Mshairi mgeni huona miti na kusema hakuna watu. Mshairi mwenyeji huona miti na kuwahesabu watu.

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa kwamba chombo cha watu 12 hakiharibu kama meli ya watu elfu tatu, kwamba mtembea kwa miguu haombi ila njia, na kwamba wageni huwachia wenyeji riziki. Yote hayo nayakubali. Sheria ya mwaka 2003 imempa kila mtu haki ya kupita katika ardhi ya Uskoti kwa adabu, na ni sheria njema. Lakini riziki hailipi deni la jina. Wenyeji wa Eigg walikinunua kisiwa chao mwaka 1997, wa Knoydart wakafuata mwaka 1999, na Ulva ikarudi mikononi mwa jamii mwaka 2018. Hao wanapigania shule, nyumba na lugha. Anayewauza kama ukiwa, hata akiwalipa, anawasaidia kwa mkono mmoja na kuwafuta kwa mkono wa pili.

Wala jambo hili halituhusu kwa mbali. Babu yake David Livingstone alitoka kisiwa hicho hicho cha Ulva. William Mackinnon, aliyeanzisha kampuni iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888 kuitawala sehemu ya pwani yetu, alizaliwa Campbeltown, katika pwani hiyo hiyo. Walioondoka kwenye pwani zilizotajwa kuwa tupu walifika kwetu na ramani zenye nafasi tupu. Na leo? Tunasoma matangazo yanayosifu fukwe za Unguja "zisizoguswa", ilhali maji yakitoka, kinamama wa Paje na Jambiani wamo humo wakishughulikia mwani wao. Mwani ule ule! Tukilinyamazia neno hilo likisemwa juu ya Raasay, tutapata wapi sauti likisemwa juu ya Jambiani?

Basi yeyote atakayepanda chombo hicho, na wapo miongoni mwetu wenye jamaa Ulaya watakaopanda, atake mambo matatu. Atake kila ghuba itajwe kwa Kigaeli na maana yake ielezwe, maana jina ndilo kaburi lisilobomoleka. Atake kuambiwa nani aliishi hapo, na nani alimwondoa. Atake ashairiwe na mwenyeji kabla ya mgeni. Nahodha asiyeweza kumpa hayo amemkodisha madirisha, hakumpeleka mahali. Na mwandishi wetu atakayefasiri tangazo la safari kama hizo, kalamu yake ikilifikia neno "tupu", isimame, iandike neno la haki: *iliyohamishwa*.