'Goed' na 'Did Not Went': Makosa Mawili Yasiyolingana

Mwanachuo anayekwenda kwa mara ya kwanza katika mazoezi ya kufundisha hakawii kukutana na sentensi za namna hii katika madaftari ya Kiingereza: Yesterday my mother goed to the market. I did not went with her. Desturi iliyozoeleka ni kushika kalamu nyekundu, kukata goed, kukata went, kuandika juu yake maneno yaliyo sahihi, na kupunguza alama mbili. Madaftari mengine hamsini yanangoja mezani, wala hakuna awezaye kumlaumu mwalimu kwa haraka yake. Lakini kwa maoni yangu desturi hiyo ina kasoro kubwa, nayo ni kuyahesabu makosa hayo mawili kuwa ya namna moja. La kwanza ni dalili kwamba mtoto ameelewa. La pili ni dalili kwamba kuna jambo ambalo hajapata kufundishwa.

Tuanze na goed. Yamkini mtoto aliyeliandika neno hilo hakulisikia kwa mwalimu wake, wala hakulisoma kitabuni. Amelitunga mwenyewe. Ameona walk ikawa walked, cook ikawa cooked, akaitambua kanuni, kisha akaitumia mahali ambapo Waingereza wenyewe hawaitumii. Na watoto wa Waingereza hupita njia hiyo hiyo: kwanza husema went kwa kuiga, baadaye wakishaifahamu kanuni huanza kusema goed, kisha hurudi tena kwenye went. Mwaka 1958 mtaalamu wa Kimarekani, Jean Berko, alitoa utafiti ambamo aliwapa watoto wadogo maneno ya kubuni, maneno ambayo hawakupata kuyasikia popote, akawataka wayatie katika wingi au katika wakati uliopita. Mara nyingi waliweza. Ilidhihirika kwamba mtoto hakariri maneno tu kama kasuku, bali ana kanuni kichwani. Naye S. Pit Corder, katika makala yake ya mwaka 1967, aliwaeleza walimu kwamba makosa ya mwanafunzi ni ushahidi wa hatua aliyoifikia katika kujifunza lugha. Basi goed isahihishwe, lakini isahihishwe kwa kauli nyingine: kanuni umeijua, ila kitenzi hiki hakiifuati.

Mtoto mwerevu atauliza kwa nini hakiifuati. Mwalimu asimfokee. Went ilikuwa mali ya kitenzi kingine cha zamani, wend, ambacho nacho kilikuwa na maana ya kwenda au kugeukia mahali. Katika Kiingereza cha kale wakati uliopita wa go ulikuwa na neno lake, eode, ambalo hatimaye lilitoweka, na went ikachukua nafasi yake. Ikiwa maelezo hayo ni mazito kwa darasa, mwambie atazame lugha yake mwenyewe. Kwa nini tunasema soma, cheza, andika, lakini mtu akiitwa huambiwa njoo, na akitumwa huambiwa nenda na lete? Wengi wanaojifunza Kiswahili ukubwani husema 'kuja hapa', nasi tunawaelewa, tena tunajua ni kanuni gani iliyowapoteza.

Kosa la pili linahitaji kazi zaidi. Katika Kiswahili alama ya wakati hukaa ndani ya kitenzi chenyewe, iwe sentensi inakubali, inakanusha au inauliza: mama alisoma, mama hakusoma, je, mama alisoma? Kitenzi hakimwachii jirani yake kazi hiyo. (Wanachuo wasidanganywe na alikwenda na hakwenda kwa sababu zote zina kw, ile ya hakwenda ni ku ya kukanusha wakati uliopita, kama katika hakusoma, na ile ya alikwenda siyo.) Mtoto aliyezoea utaratibu huo, akitaka kukanusha went, huona ni haki kabisa kuiacha went ilivyo na kuitangulizia did not. Anahofia kwamba asipofanya hivyo wakati uliopita utapotea. Hajaambiwa kwamba umekwisha kubebwa na did.

Mimi hupenda kulieleza jambo hili kwa mfano wa mzigo na mchukuzi. Katika sentensi kama hizi za Kiingereza wakati uliopita ni mzigo mmoja, nao hubebwa na mchukuzi mmoja. Akiwapo did, yeye ndiye abebaye, na kitenzi kikuu hutembea mikono mitupu. Mwalimu aandike ubaoni sentensi tatu, moja chini ya nyingine:

She went to the market.
She did not go to the market.
Did she go to the market?

Kisha awaite watoto waje mmoja mmoja kumpigia mstari mchukuzi. Katika sentensi ya kwanza watapiga mstari chini ya went, na katika mbili zinazofuata chini ya did. Wakishazoea, see na saw ziingie mahali pa go na went, halafu buy na bought. Kitenzi be kina njia yake ya peke yake, hakihitaji did, nacho kiachwe hadi siku yake. Mwalimu ajihadhari pia na swali la who, maana linapouliza juu ya mtendaji halimwiti did: Who went to the market? Mwanachuo asiyelijua hilo mapema atajikuta amesimama mbele ya darasa akibishana na kanuni aliyoifundisha mwenyewe dakika kumi zilizopita.

Wapo walimu, na baadhi yao ni hodari kuliko mimi, wanaotegemea orodha ya safu tatu: go, went, gone, see, saw, seen. Darasa zima huiimba, na mpita njia akisikia hudhani Kiingereza kimekwisha. Sisemi kwamba orodha haina faida. Hakuna kanuni itakayomtoa mtoto kwenye go na kumfikisha kwenye went, kwa hiyo kukariri hakuepukiki. Ubaya wake ni kwamba inamzoeza kulijibu swali ambalo nje ya mtihani hataulizwa na mtu yeyote. Muulize wakati uliopita wa go, atajibu went kabla hujafunga kinywa. Mpe insha ya safari ya kwenda kwa bibi, na akili yake yote itakuwa kwa bibi na kwenye basi lililoharibika njiani. Hapo went itamponyoka. Tena orodha humpa gone siku ile ile aliyopewa went, naye hajui bado kazi ya have, ndipo tunapovuna I have went na I gone. Safu hiyo ya tatu ningeiacha mpaka ile ya pili iwe imetulia katika maandishi yao.

Dawa ni masimulizi mafupi, na mengi. Kila mtoto aandike sentensi tano juu ya mambo aliyoyafanya jana, kisha abadilishane daftari na jirani yake. Jirani amwandikie maswali mawili: Did you go to the river? Did you see a snake? Mwenye daftari ayajibu kwa sentensi kamili, moja ya kukubali na moja ya kukanusha. Mwalimu naye juma hilo asahihishe kitenzi kimoja au viwili tu alivyovifundisha, na makosa mengine ayapitie kwa macho bila kuyakata. Najua pendekezo hili litawaudhi wakaguzi kadha wa kadha, wanaoamini kwamba kosa lisilokatwa huota mizizi. Mimi naogopa zaidi daftari lililokatwa kila mstari. Mwenye daftari hilo huacha kusimulia, akajificha katika sentensi zisizo na hatari: My school is big. I like my school. Hakosei tena, lakini haandiki kitu. Katika shule nyingi za msingi za Tanzania Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia, na mtoto huyo akifika sekondari atakuta masomo kwa Kiingereza. Somo la historia atakaloliandikia majibu limejaa wakati uliopita, pamoja na mambo ambayo hayakutokea na maswali ya nani alikwenda wapi.

Limebaki jambo moja linalomhusu mwanachuo mwenyewe. Sentensi za ubaoni zisitungwe papo hapo. Ziandikwe kikamilifu katika andalio la somo usiku wa kuamkia kipindi, zikaguliwe na mwenzako, hasa penye bought na brought, ambazo hata walimu wazoefu huzichanganya. R ya brought ni ile ile ya bring. Na ikiwa kosa limekwisha kuandikwa ubaoni na darasa limekwisha kulinakili, usilifute kimyakimya ukaendelea na somo. Weka chaki chini, uwaambie watoto kwamba mwalimu amekosea, uwaoneshe ni wapi, kisha usubiri mpaka daftari la mwisho liwe limesahihishwa.