Maziwa ya Ng'ombe Aliyedungwa Sindano



Magari yatokayo bara hupita Kibarani kabla ya kuvuka Makupa kuingia Kisiwani Mombasa, nayo huchukua maziwa, mayai na kuku wetu. Zamani abiria waliziba pua pale kwa uvundo wa jalala, hata likafungwa mwaka 2018. Lakini iko taka nyingine ipitayo bila harufu, nayo yatoka mabandani mwetu.

Nasema juu ya vijidudu vilivyozoea dawa. Wataalamu wa KEMRI na Wellcome Trust walichunguza vijidudu viitwavyo Klebsiella, vilivyotolewa katika damu ya wagonjwa wa hospitali ya Kilifi tangu 2001 hata 2011, wakaona vingi havifi tena kwa dawa kadhaa zilizotegemewa. Mtoto mchanga akiingiwa navyo, daktari hubaki na dawa chache, tena za ghali. Sisemi hivyo vya Kilifi vilitoka kwa ng'ombe. Hospitali na maduka ya dawa yana sehemu yao, tena kubwa. Lakini sehemu yetu ni yetu.

Mkulima aona kuku wamezubaa, atia tetrasaiklini majini kwa kukisia. Ikiwa ni kideri, amepoteza fedha bure, maana kideri huletwa na virusi, na antibiotiki haiviui. Kinga yake ni chanjo. Na vijidudu vya matumboni mwa kuku vikionja dawa kidogo, vilivyo dhaifu hufa, vilivyo vigumu huzaana. Bwana Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya juu ya dozi ndogo tangu 1945.

Maziwa ndiyo mtihani mgumu zaidi. Ng'ombe aliyetibiwa kiwele, maziwa yake hayafai kuuzwa mpaka zitimie siku zilizoandikwa kwenye dawa. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi dawa yote. Hayo Bwana Mifugo ameyasema hata sauti imemkauka, ila karo ya shule haingoji. Amwagaye maziwa hupata hasara peke yake, na jirani auzaye kimya hulipwa. Hiyo si haki.

Rai yangu ni kwamba kila chama cha ushirika cha maziwa kikate shilingi moja kwa kila lita, iwekwe kando, na mwanachama aletaye barua ya Bwana Mifugo alipwe walau nusu ya bei ya maziwa aliyoyazuia. Halmashauri za vyama zaweza kulileta jambo hili katika mkutano mkuu ujao.