Bei Haichomi Nyama

Jumapili iliyopita mhamasishaji mmoja wa redioni, wale wanaolipwa kutuambia kwamba umaskini wetu uko kichwani tu, alitoa somo lililonifanya nizime redio kabla ya taarifa ya habari. Alisema maskini huangalia bei, tajiri huangalia ubora. Kisha akawashauri vijana wajibane mwezi mzima, siku moja waende kula mahali pa gharama, ili "wajifunze ladha ya mafanikio". Mtangazaji akadakia: "Kweli kabisa, rahisi ghali!" Wasikilizaji wakaanza kutuma meseji za shukrani.

Ladha ya mafanikio naijua. Nilionjeshwa miezi michache iliyopita kwenye mgahawa mmoja wa steki upande wa Masaki, nilikoalikwa na shemeji yangu aliyekuwa amepandishwa cheo. Ni ya kijivu, ngumu, na inahitaji chumvi.

Naomba niieleze ile steki, kwa sababu nimeifikiria kuliko ninavyowafikiria baadhi ya ndugu zangu. Ililetwa juu ya kipande cha ubao, sijui sahani zilikosa nini, ikiwa na kijiti cha rozmari juu yake na kibakuli cha mchuzi wa uyoga pembeni. Shilingi 95,000, kodi haijaingia. Hilo la kodi liliandikwa chini kabisa ya menyu, kwa herufi ambazo hata mwenye macho mazima anazikunjia uso. Kwa hela hiyo buchani kwetu unabeba kilo sita za steki, na chenji ya mkaa inabaki.

Nilipoikata, maji mekundu yalitiririka ubaoni yakaenda kulowesha chipsi. Maana yake nyama haikuachwa itulie hata dakika tano baada ya kutoka motoni. Juu yake hapakuwa na ule ukoko wa kahawia unaonukia, na hilo halikuwa bahati mbaya. Nyama ikiwa na maji juu, joto la pale juu halivuki nyuzi 100. Rangi ya kahawia na harufu yake haziji mpaka nyuzi zikaribie 140. Ukitoa steki kwenye friji ikiwa bado inatoa jasho, ukaitupa kwenye kikaango pamoja na wenzake watatu, kikaango kinapoa na nyama inachemka katika maji yake yenyewe. Nililetewa nyama ya kuchemsha iliyopitia karibu na moto.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana ndicho kilichonifanya niandike. Mhudumu alikuja, mikono nyuma, akauliza kwa adabu: "Kila kitu kiko sawa, bosi?" Shemeji, ambaye taya lake lilikuwa bado kazini, akatikisa kichwa kukubali. Dada yangu akasema, "Nzuri sana, kaka, asante." Mimi nilipofungua mdomo, mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza.

Shemeji huyuhuyu namjua. Tukikaa kwenye banda la nyama choma Vingunguti, kwa sahani isiyofika robo ya bei ile, humrudishia mchomaji mbavu bila kupepesa jicho: "Wewe, hii damu umemwachia nani? Rudisha jikoni." Na mchomaji hurudisha, anageuza makaa, anarudi na kitu kinacholika. Hakuna aliyekanyagwa mguu. Mtu yuleyule na meno yaleyale, kilichobadilika ni bei tu.

Hapo ndipo imani hii ya "ghali ndiyo nzuri" inapofanya kazi yake chafu: inamkinga mpishi mbaya. Ukila mishikaki mibovu ya elfu tatu, ubovu ni wa mishikaki. Ukila steki mbovu ya laki, ubovu unahamia kwako: hujazoea, huna ulimi wa vitu hivi, umetokea Mbagala. Kwa hiyo unatafuna na kutabasamu, unapiga picha, unaituma kwenye grupu la familia. Wenye mgahawa wanajua. Ile bei imeshanunua ukimya wako kabla hujashika kisu.

Wahenga waliosema rahisi ghali walikuwa wakituonya kuhusu jembe litakalovunjika kabla masika hayajaisha. Hakuna mhenga aliyesema kwamba kila cha ghali ni kizuri. Hilo tumejiongezea wenyewe, tena juzi, baada ya kupata simu zenye kamera.

Wenye kupenda utafiti, huu hapa. Mwaka 2008 watafiti wa vyuo vya Caltech na Stanford huko Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la mvinyo. Watu walionjeshwa mvinyo uleule, mara wakiambiwa chupa yake ni dola 10, mara dola 90. Walipoambiwa dola 90 walisema ni mtamu zaidi, na mashine ya kupima ubongo ilionyesha sehemu ya raha ikichangamka kweli. Najua kuna mjanja atakayesema: basi kama wamefurahi kweli, ubaya uko wapi? Sawa. Hata anayeota anakula pilau hufurahi, mpaka aamke na njaa yake.

Ukitaka kuona ugonjwa huu ulipofika, mtazame yule Mturuki wa chumvi, Nusret Gökçe. Mwaka 2017 dunia nzima ilimwona kwenye video akinyunyiza chumvi ikiteremkia kwenye kiwiko chake, na baada ya hapo matajiri wakapanga foleni. Mwaka 2021 alifungua mgahawa London, na steki iliyovikwa karatasi ya dhahabu ikawa habari ya magazeti kwa bei yake. Dhahabu haina ladha. Haina harufu, haiyeyuki mdomoni, na tumbo haliisagi. Inaingia na kutoka kama ilivyokuja. Sisi tunaotoa dhahabu Geita tungekuwa wa kwanza kuwaambia hivyo, lakini nina hakika ikifika Masaki tutaiagiza.

Novemba mwaka huohuo, Waziri wa Usalama wa Umma wa Vietnam, To Lam, ambaye leo ndiye Katibu Mkuu wa Chama cha Kikomunisti cha nchi hiyo, alionekana kwenye video akilishwa nyama ya dhahabu mgahawani humo. Safari yake hiyohiyo ya Uingereza ilimpitisha kwenye kaburi la Karl Marx. Kule kwao Da Nang, muuza tambi mmoja alijirekodi akiigiza ile mbwembwe, akinyunyiza majani ya kitunguu badala ya chumvi. Mwaka 2023 muuza tambi huyo alihukumiwa miaka mitano na nusu jela kwa kosa la propaganda dhidi ya dola. Sijala tambi zake, ila kati ya wapishi hao wawili namwamini yeye.

Nirudi mezani kwetu. Kuna utetezi ambao haukosekani kila ninapolisema jambo hili: "Kaka, pale hulipii chakula tu, unalipia mazingira." Mazingira gani? Kiyoyozi kilichotufanya tule na koti? Muziki uliotulazimisha kuulizana "umesemaje?" jioni nzima? Menyu ambayo lazima uipige picha kwa simu ndipo ifunguke, hadi dada yangu, ambaye bando lilikuwa limekata, ikabidi asomewe? Bahari ya Hindi tuliyoiona dirishani ni ileile inayoonekana Kigamboni kwa nauli ya kivuko. Mtu akikuambia umelipia mazingira, jua naye amekiri kwamba nyama haikustahili.

Wengine husema nina wivu wa pesa za watu. Hao siwajibu, sikulipa mimi.

Niseme pia, kabla hamjanirukia, kwamba steki ya gharama ya haki ipo. Nyama ya kuningʼinizwa kwenye chumba chenye nyuzi chache juu ya sifuri, wiki mbili au tatu, hulainika kwa vimengʼenya vyake yenyewe vinavyokatakata nyuzi za msuli. Wakati huo inapoteza maji na uzito, na nje inafanya gamba linalokatwa na kutupwa. Mwenye nyama anapata hasara ya kilo na ya umeme, lazima airudishe kwenye bei. Hapo sina ugomvi. Lakini nilipomuuliza yule mhudumu nyama ile ilikaa siku ngapi, alienda kuuliza jikoni, akarudi na jibu la fahari: "Nyama yetu inatoka nje, bosi."

Inatoka nje! Katika nchi yenye ngʼombe zaidi ya milioni 30. Nchi yenye ranchi ya Kongwa na Boran wake, nchi ambayo malori ya ngʼombe kutoka Shinyanga na Tabora yanaingia mnada wa Pugu mwaka mzima. Shida ya ngʼombe wetu inajulikana na kila mwenye bucha. Anachinjwa akiwa mzee, ametembea maisha yake yote kutafuta maji, analetwa kwenye lori amechoka, anachinjwa usiku na alfajiri yuko buchani bado ana joto. Nyama hiyo kwa supu ni tamu, kwa kuchoma taratibu juu ya mkaa na ndimu na chumvi ni tamu. Ukiikata mnene ukaigeuzageuza kwenye kikaango dakika sita kisha ukaiita steki, umemdhulumu ngʼombe na mlaji pamoja. Dawa yake ni chumba cha baridi na subira. Lakini chumba cha baridi hakipigwi picha, kwa hiyo pesa inakwenda kwenye taa za kuningʼinia na sofa za ngozi.

Wazee wa Kawe wanakumbuka Tanganyika Packers, kiwanda kilichokuwa kikisindika nyama ya kopo. Kiwanda kilikufa, viwanja vyake leo vinajulikana kwa mikutano ya injili. Tumeacha kusindika nyama tunasindika mahubiri, na mahubiri yenyewe sasa ni hayahaya ya kuonja mafanikio.

Na zile chipsi zilizoloweshwa? Za pakiti, za kugandishwa, zimekatwa sawasawa mpaka unajua hazijaguswa na mkono wa mtu. Januari 2022 migahawa ya KFC nchini Kenya iliishiwa chipsi kwa sababu mzigo wa viazi kutoka nje ulichelewa njiani, huku wakulima wa Nyandarua wakiwa na viazi vyao. Wakenya walipiga kelele kweli siku zile. Sisi tunaletewa za namna hiyohiyo tunazisifu kwamba "hizi ni za kizungu", halafu tunakwenda kwenye semina ya uzalendo.

Walau jambo moja limenyooka. Mwaka 2025 serikali ilipiga marufuku kutoza bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Kabla ya hapo, mahali pa namna hii palikuandikia dola, ukakokotoa kichwani huku mhudumu amesimama, na kabla hujamaliza hesabu umeshasema "lete". Sasa angalau unajionea sufuri zote. Bado watu wanazitazama sufuri wanaona ubora.

Vijana mliomsikiliza yule bwana redioni, msijibane mwezi mzima kwa ajili ya hili. Yeye mwenyewe, nawahakikishieni, hualikwa. Bei inakuambia mwenye nyumba anatoza kodi kiasi gani, na sofa ziliagizwa wapi, na mwenye mgahawa anakuonaje wewe. Haikuambii kama kikaango kilikuwa cha moto. Hilo linajulikana kwa kutafuna peke yake, na meno ya aliyekulia Mbagala yanalijua sawasawa na ya aliyekulia Oysterbay.

Wenye migahawa nao nawaomba kitu kidogo. Andikeni kwenye menyu ngʼombe katoka ranchi gani, ni kipande gani, kakaa baridini siku ngapi. Mnaotuambia eti burga yenu ni ya Wagyu, tuelezeni kwanza kwa nini mnasaga nyama ambayo thamani yake yote ni mafuta yaliyotapakaa ndani ya mnofu. Mkishindwa kujibu, shusheni bei au ajirini mchomaji kutoka Vingunguti. Anajua kugeuza makaa na hakasiriki akirudishiwa.

Na wewe unayepeleka familia huko mwisho wa mwezi, muulize mhudumu swali hilo la siku kabla hujaagiza. Akianza kukusimulia mandhari, agiza samaki. Kama steki imeshafika na ni ya kijivu, irudishe jikoni ikiwa bado nzima. Ukishafika nusu, hakuna atakayekusikiliza, na bili itakuja ileile.