Msiizoee Breki Inayotetemeka

Ndugu waendesha baiskeli, na ninyi wazazi mnaowanunulia watoto baiskeli za mtumba, nina ombi. Uma wa mbele ukitetemeka kila breki inapobanwa, msiseme ndiyo tabia yake. Itazameni wiki hii hii.

Nazisema hasa zile baiskeli za milimani zilizotengenezwa kabla Shimano haijaleta breki za V mwaka 1996. Nyingi zina breki za kantileva: mikono miwili kwenye uma, imeunganishwa kwa waya mfupi unaopita juu ya tairi, na waya mrefu unaoshuka kutoka kwenye kishikio kilichofungwa shingoni, chini ya usukani. Kisa kiko hapo. Ukibana, uma unapinda kidogo kurudi nyuma. Ukipinda, breki inakwenda mbali na kile kishikio, waya unakazika, na raba zinauma rimu kuliko ulivyotaka. Mara zinateleza, uma unarudi, waya unalegea, halafu yote yanaanza tena, haraka kiasi kwamba mikono inahisi mtetemo tu. Kumbe kukaza waya, dawa wanayoikimbilia wengi, hakugusi ugonjwa wenyewe.

Anzeni na shingo. Bana breki ya mbele, weka vidole pale uma unapoingia kwenye fremu, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ikigonga, gololi zimelegea, zikazwe kwanza. Futeni rimu iwe kavu, isiwe na mafuta. Kisha tegeni raba kwa mshazari: ncha ya mbele iguse rimu kabla ya ile ya nyuma, kwa tofauti ya milimita moja hivi. Kipande cha kadi kikibanwa nyuma ya raba wakati wa kukaza nati kinatosha kupima, na hakina gharama.

Ikikataa bado, hamisheni kishikio cha waya kutoka shingoni kwenda kwenye uma wenyewe, juu kidogo ya tairi, kama uma una tundu la bolti. Hapo uma ukipinda, kishikio kinakwenda nao. Breki za V nazo zinatibu, ila zinataka vishikio vyake vya mkononi; vile vya kantileva havivuti waya wa kutosha.

Na tafadhali, msing'oe madigadi au kishikio cha taa-akisi cha mbele kwa ajili ya urembo. Waya mrefu ukikatika, ule mfupi huweza kuangukia tairi, ukanasa kwenye meno yake na kulifunga gurudumu ghafla. Mtoto anarushwa juu ya usukani. Kile chuma kidogo ndicho kinachoudaka.

Mafundi wa vijiweni, ninyi mnaziona baiskeli hizi kuliko mtu yeyote. Mtoto akileta pancha, kabla hamjamrudishia baiskeli yake, isukumeni hatua chache na mbane breki ya mbele. Ikitetemeka, mwambieni aje na mzazi wake.