Kengele za mkono: shaba na kasiterite ni za Kongo, muziki ni wa wengine

Wapo wanaosema kwamba kupiga kengele za mkono ni mchezo wa wazungu walioshiba, na kwamba mtu aliyekimbia vita ahesabiwe unga na turubai tu. Wanakosea.

Kengele hizo ni ndogo, zina mshikio, na kila moja ina sauti yake. Zilianza Uingereza, kwa wapiga kengele za kanisa waliochoka na baridi ya mnara wakaenda kufanya mazoezi nyumbani na kwenye nyumba za pombe. Karne ya 19, huko Lancashire na Yorkshire, wafanyakazi wa viwandani ndio walioshindana kwazo. Miaka ya 1840 mfanyabiashara P. T. Barnum alipeleka kundi la Lancashire Marekani, akawavisha nguo za ajabu na kuwatangaza kuwa Waswisi, ili tiketi zinunuliwe. Hata hao maskini walinyang'anywa jina la kwao! Leo Marekani makanisa na shule nyingi zina korali za kengele, na chama chao cha inchi nzima kipo tangu 1954.

Sasa kengele yenyewe imetengenezwa na nini? Shaba, karibu sehemu 80 kwa mia, na bati karibu 20. Shaba inachimbwa Katanga. Bati inatoka katika kasiterite, na kasiterite iko Bisie, katika Walikale. Machi 2025, vita vilipokaribia, kazi ya Bisie ilisimama, na bei ya bati ikapanda katika soko la dunia. Dunia ilishtuka kwa sababu ya bati. Kwa mama aliyetoka Walikale na watoto mgongoni, hakuna bei iliyopanda.

Na huku Kivu, shule inaita watoto kwa jante ya gari iliyotundikwa mtini. Jante si aibu, inaita vizuri. Aibu ni ya wale wanaosaini mikataba ya madini.

Eti kengele ni kitu cha kigeni? Katika Kongo hii wafua chuma walitengeneza kengele pacha za wafalme kabla ya mzungu kufika.

Halafu, korali ya kengele ina sheria moja ambayo watu wa kambini wangeielewa kuliko yeyote. Kwa kawaida kila mtu anashika kengele mbili tu, moja kila mkono. Hakuna anayeweza kupiga wimbo peke yake. Mmoja asipokuja, wimbo unakuwa na tundu, na wote wanasikia ni nani hayupo. Mashirika yanayowahesabu wakimbizi kwa vichwa hayajawahi kuwahesabu hivyo.

Unga kwanza, hakuna anayebisha. Lakini vijana wa kambini wanafundishwa kushona na useremala. Na fundi anayeyeyusha aluminiamu na kumimina sufuria anajua tayari nusu ya kazi ya kengele. Wenye pesa za miradi wamlete mwalimu wa nusu iliyobaki, na wakubwa wa madini watoe kilo chache za shaba na bati. Kilo, si tani.