Mtungi ulioachwa kisimani

Mwanamke Msamaria wa Yohana sura ya 4 alikwenda kuteka maji saa sita mchana. Alikuwa ameshakuwa na waume watano, na aliyeishi naye hakuwa mumewe. Yesu aliyajua yote hayo, akamwambia, wala hakumfukuza. Mama yule akaacha mtungi, akarudi mjini kuwaeleza watu walewale waliozijua habari zake. Wengi wakaamini kwa ushuhuda wake.

Wazazi wengi huona haya kuzungumzia imani nyumbani kwa sababu watoto wameshuhudia hasira zao, ugomvi wao, pengine hata ulevi wao. Lakini mtoto hajifunzi neema kwa mzazi asiyekosea. Hujifunza anapomsikia baba akisema, "Nisamehe mwanangu, nilikosa," kisha akamwona akijitahidi kubadilika.